Ruzuku za majimbo ya Marekani za kubadili malori ya moshi: masharti yake, na nani hasa anazipata

KichwaNaTela (mwanzisha uzi) · Fontana, California

Wakuu, salaam.

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya madereva waswahili huku Marekani swali haliishi: eti ni kweli jimbo linagawa hela za kubadili lori chakavu? Mmoja atajibu ni matapeli hao, mwingine ataapa kuwa binamu yake kapewa Freightliner mpya bila kutoa hata senti. Wote wawili wanapotosha watu. Hela zipo, tena tangu miaka ya tisini, ila si sadaka, na mkataba wake unaweza kukubana kuliko mkopo wa benki. Mimi nimepitia mchakato wenyewe na kusoma makaratasi mpaka kurasa za nyuma. Naweka nilichokielewa, wenye majimbo mengine mtaongeza.

Kwa California programu mama inaitwa Carl Moyer. Ilianza 1998, ikapewa jina la mhandisi aliyesaidia kuibuni na akafariki kabla haijaanza. Hela zinatoka bodi ya hewa ya jimbo, CARB, zinagawiwa kwenye wilaya za hewa 35. Unaomba wilayani kwako, huendi makao makuu ya jimbo, Sacramento. Sisi wa Los Angeles, Orange, Riverside na San Bernardino tuko South Coast AQMD. Wa Fresno na Bakersfield wana ya kwao, San Joaquin Valley.

Sasa shikeni hili, ndilo linaloangusha wengi. Jimbo halikununulii lori. Jimbo linanunua moshi: ule ambao lori lako lingeutoa miaka inayokuja, na ambao hakuna sheria iliyokulazimisha kuuacha. Kama sheria imeshakwambia ubadilishe injini, moshi wako hauna bei tena, maana ungeuacha hata bila hela yao. Kumbukeni sheria ya malori na mabasi: kufikia 1 Januari 2023 karibu kila lori zito la dizeli lilitakiwa liwe na injini ya 2010 au mpya zaidi, na tangu 2020 DMV, ofisi ya usajili wa magari, walikuwa wanakataa kusajili lisilotimiza. Walioomba mapema, injini zao zikiwa bado halali, walikuwa na kitu cha kuuza. Waliongoja barua ya DMV ndipo wakimbilie ofisini waliambiwa wamechelewa, wakatoka wanalalamika ubaguzi. Ubaguzi upo nchi hii, sikatai, lakini hapa ilikuwa hesabu.

Na hesabu yenyewe ni hii. Wanachukua tani za NOx (gesi za naitrojeni kwenye moshi) kwa mwaka, wanajumlisha gesi za haidrokaboni, kisha wanaongeza masizi yaliyozidishwa mara 20. Masizi yanazidishwa hivyo kwa sababu ndiyo sumu kubwa. California iliyatangaza rasmi kuwa sumu ya hewani mwaka huohuo 1998. Gharama inagawanywa kwa tani hizo, na kuna kikomo cha dola kwa kila tani. Kwa hiyo aliyetembea maili nyingi anapata zaidi, na lori linalolala yadini halina moshi wa kuuza. Andaa kumbukumbu za miaka 2: maili, risiti za mafuta, usajili, bima. Asiye na karatasi asipoteze muda.

Mengine kwa kifupi. USINUNUE lori jipya kabla mkataba haujasainiwa, ukinunua umejitoa. Lori la zamani linauawa: bloku ya injini inatobolewa tundu la inchi 3, reli za fremu zinakatwa, mkaguzi anapiga picha. Jipya linabaki kwenye mkataba kwa miaka kadhaa na kila mwaka unatuma ripoti ya matumizi. Ukiliuza katikati wanadai sehemu ya hela. Halafu kuna kodi. Ruzuku inaweza kuhesabiwa kuwa kipato na ukaletewa fomu ya kodi ya 1099, kwa hiyo kaa na mhasibu mapema, si Aprili.

Nawasilisha.

---

Mwana_Bukavu · Fort Worth, Texas

Asanti sana ndugu, umeeleza muzuri. Miye niko huku Texas, na sisi tuko na yetu, TERP, ilianza 2001, inasimamiwa na TCEQ, idara ya mazingira ya jimbo. Wazo ni moja lakini hesabu iko tofauti. Huku wanaangalia NOx tu, juu Texas shida yake ni ozoni, ile ya chini tunayovuta: Houston na Dallas–Fort Worth zote mbili hazijafikia kipimo cha serikali kuu. NOx ikikutana na jua ya huku, ndiyo ozoni hiyo. Kwa hiyo ukiwa unaendesha sana Dallas ama Houston, una nafasi. Ukiwa mutu wa kupiga Amarillo kwenda New Mexico, utaambiwa moshi wako unauacha mahali kwenye hawalipii.

Kitu kinavunja batu moyo ni franga kulipwa nyuma. Unanunua kwanza, lori la zamani linaharibiwa, unapeleka risiti na picha, kisha wanakurudishia. Inawezekana malipo yaende moja kwa moja kwa muuzaji, kama muuzaji anakubali kungoja. Wengi hawakubali. Kwa hiyo programu ni ya kila mutu kwenye karatasi, lakini anayeingia ni ule ambaye benki inamuamini tayari.

Na mujue franga zilikuwa nyingi zaidi ya zile zinatoka. TERP inalipwa na ada: usajili wa malori, hati za magari, ada ya juu ya mashini nzito za dizeli. Miaka mingi bunge la Austin liliokota ada zote na kuruhusu kipande tu, zingine zinalala hazinani ili bajeti ya jimbo ionekane inasimama. Tangu Septemba 2021 kuna mufuko wa pembeni, kidogo inasaidia.

---

MzeeWaKubisha · Houston

Na kile cha magari ya watu wa hali ya chini mbona hukitaji? Texas ilikuwa na mpango wa kumsaidia mwenye gari bovu linalofeli ukaguzi wa moshi: walimpa hela ya kutengeneza au ya kuongezea kwenye gari jingine, hadi dola 3,500. Wenye vipato vidogo ndio walionufaika. Mwaka 2017 gavana Abbott akafuta fedha zake kwenye bajeti kwa kalamu yake, mpango ukafa. Ruzuku ya mashine kubwa ikabaki.

Ndiyo maana mimi nabisha. Hizi hela ni za mwananchi anayevuta moshi, zinapewa mwenye lori anayeutoa. Mwenye kosa analipwa aache kosa! Wapi umeona?

---

KichwaNaTela

MzeeWaKubisha alisema:
> Mwenye kosa analipwa aache kosa! Wapi umeona?

Mkuu, hoja yako nzito, lakini mwenye lori naye analipia. Kila tairi jipya linalouzwa California lina ada ya dola 1.75, na senti 75 kati ya hizo zinakwenda kwenye mambo ya hewa. Hesabu kichwa kina tairi 10, tela 8. Wenye magari mapya nao wanatozwa ada ya moshi kwenye usajili badala ya kwenda ukaguzi. Kwa hiyo hela inatoka barabarani na kurudi barabarani.

La pili, lori la 2012 nililokuwa nalo halikuwa na kosa. Lilikuwa halali kabisa. Jimbo linaweza kukaza sheria, na limekaza, lakini haliwezi kuniamuru niwe msafi kuliko sheria yenyewe. Likitaka hilo, linunue. Injini ya 2010 inaruhusiwa NOx gramu 0.20 kwa kipimo chao. Kuna injini zilizothibitishwa kwa 0.02, yaani pungufu kwa asilimia 90. Nani angeongeza hela mfukoni kwa tofauti ambayo abiria wake, ambaye ni kontena, haioni?

Ila kwenye kile cha magari madogo uko sahihi. Ile ilikuwa aibu.

---

NesiWaBaridi · Minneapolis

Hamjambo. Mimi si dereva, ni nesi, mnisamehe kuingilia uzi wa wanaume wa lori 😄. Lakini wacha niwaongezee kuhusu mabasi ya shule, kwa sababu majimbo hayana tu hela za ada na kodi.

Mnakumbuka ile kashfa ya Volkswagen? Septemba 2015 ilitangazwa kwamba wameweka programu ndani ya magari ya dizeli inayojua kama gari liko kwenye vipimo. Likiwa kwenye vipimo linatoa hewa safi, likirudi barabarani linaachilia NOx nyingi kupita kiwango kinachoruhusiwa. Katika makubaliano na serikali ya Marekani kukatengwa mfuko wa takriban dola bilioni 2.9, ukagawanywa kwa majimbo kulingana na idadi ya hayo magari yaliyosajiliwa huko. California ikapata kama milioni 423, Texas 209, sisi Minnesota 47. Kila jimbo likaandika mpango wake: malori, mabasi ya jiji, tagi za bandarini, na mabasi ya shule.

Mabasi ya shule ndiyo yalinigusa. Huku Januari dereva hazimi injini, basi linanguruma nje ya shule watoto wakipanda mmoja mmoja, na lile la zamani moshi wake unaingia ndani. Wodini tunawapata watoto wa pumu, wengi wao wa familia zetu za Afrika Mashariki, kwa sababu tunaishi kando ya barabara kuu ambako kodi ya nyumba ni nafuu. Basi la dizeli likibadilishwa hakuna mzazi anayejua limelipiwa na nani.

Kwa hivyo kama uko kwenye kamati ya wazazi, uliza shule yenu kama iliwahi kuomba. Shule nyingi ndogo hazina mtu wa kujaza fomu, na hela zinaenda kwa wilaya zenye ofisi nzima ya maombi.

---

DalaliWaSpea · Dar es Salaam

Wakuu wa majuu, mnatuumiza. Yaani mnatoboa injini nzima ya Freightliner?? Sisi huku tunaziona zinapanga foleni Tunduma, zina miaka mingi kuliko madereva wake, na bado zinakwenda Lubumbashi na kurudi. Niunganisheni na hizo yadi. Nitalipa kontena mwenyewe.

---

Mwana_Bukavu

😂😂 Ndugu, hapana hata kidogo. Ndiyo sababu wanaitoboa! Kama lori linatoka Fort Worth linaenda Tunduma, moshi haukuisha, umesafiri tu. Mkataba unasema liharibiwe, na picha lazima zionekane.

---

DalaliWaSpea

Sawa, nimeelewa lengo. Lakini moshi wa lori la 2005 la Marekani huku ungekuwa nafuu kuliko wa yale tuliyonayo. Kwa mtazamo wa dunia nzima, mmetoboa lori bora mkatuachia bovu.

---

KichwaNaTela

Hoja hiyo ina ukweli, siwezi kuipinga moja kwa moja. Ila jimbo linahesabu tani za ndani ya mipaka yake, na hela ni ya watu wa humo. Hata mimi lori langu jipya siruhusiwi kulihamishia Nevada.

Na kwa malori yenye chujio la masizi, mafuta ni jambo kubwa. Afrika Mashariki ilishusha salfa ya dizeli hadi 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) mwaka 2015, hatua kubwa sana, lakini huku ni 15. Chujio likianza kuziba na hakuna fundi mwenye kompyuta ya kulichoma masizi, unajua kinachofuata: linakatwa, linawekwa bomba tupu.

---

DalaliWaSpea

Hapo umenena. Machujio hayo yanakuja kwangu kama chuma chakavu.

---

FundiTrekta · Fresno, California

Nimesoma kimya, sasa niseme. Huku bonde la San Joaquin moshi si wa malori tu. Nafanya kazi gereji ya mashine za shamba: lozi, zabibu, machungwa. Bonde limezungukwa na milima pande tatu, moshi ukiingia haujui njia ya kutoka. Wakati wa baridi unakaa juu yetu kama sufuria iliyofunikwa.

Ruzuku za kubadili matrekta ndizo zinazofanya kazi vizuri kuliko zote nilizoona. Ipo Carl Moyer na ipo FARMER, ya tangu 2017, mahsusi kwa kilimo. Trekta la zamani linakuja kwetu, tunalitoboa, mkulima anachukua jipya. Hakuna aliyekuwa anamlazimisha, kwa hiyo ile hesabu ya KichwaNaTela inamkubali karibu bila shida. Trekta haliendi jimbo jingine, saa zake zinasomeka kwenye mita, kila kitu kinathibitishika.

Jingine ni kuchoma miti. Mlozi ukizeeka unang'olewa shamba zima, na desturi ilikuwa kuchoma milundo. Mwaka 2021 ikaamuliwa uchomaji huo ukomeshwe kwa sehemu kubwa ifikapo mwisho wa 2024, na jimbo likaweka hela za kumlipa mkulima asage miti na kuirudisha udongoni. Mwanzoni wazee walicheka. Sasa wanaona maji yanakaa udongoni vizuri zaidi, na wanasaga.

Kwa mwenye gari dogo lililochoka: wilaya yetu ilikuwa na siku za kupima moshi viwanjani, unakuja na gari lako, likifeli unapewa vocha ya matengenezo. Na kwa kipato kidogo kuna Clean Cars 4 All kwenye wilaya kadhaa. Unasalimisha gari la zamani, unapata nyongeza ya kununua la umeme au la mseto wa mafuta na umeme. Wapigieni simu kwanza, maana dirisha linafungwa hela zikiisha.

---

BintiMvita · Long Beach

Naomba kuuliza kuhusu malori ya umeme. Mume wangu anabeba makontena bandarini, kuna muuzaji anamwambia "jimbo litalipa, wewe saini tu". Mimi sijaridhika.

---

Mkongwe_wa_Bandari · Wilmington, California

Dada, fanya vizuri kutoridhika. Nisimulie.

Mwaka 2008 bandari za Los Angeles na Long Beach zilianza mpango wa malori safi, malori ya kale yakafungiwa geti. Kwa hewa, mpango ule ulifanikiwa haraka mno. Sisi tuliokuwepo tuliona kwa macho, ule ukungu mweusi juu ya daraja ulipungua. Lakini lori jipya lilikuwa zaidi ya dola 100,000 na dereva wa kontena hakuwa nazo. Makampuni yakaingia kati: sisi tunachukua lori, wewe unalilipia kidogo kidogo kwenye mshahara. Dereva anaitwa mkandarasi huru, makato ya lori, bima, maegesho, yote kwake. Kuna wiki mtu alifanya kazi usiku na mchana, Ijumaa anapewa karatasi inayoonyesha ANADAIWA. Akifukuzwa au akiugua, lori linabaki kwa kampuni na alizolipa zimekwenda. Kesi zilikwenda kwa kamishna wa kazi wa jimbo, madereva wengi wakashinda, lakini kushinda na kulipwa si kitu kimoja.

Kwa hiyo mwulize mumeo: jina la nani litakuwa kwenye hati ya gari? Jina la nani kwenye ruzuku? Kama majina si yake, hiyo ruzuku si yake.

---

KichwaNaTela

Niongezee kwa BintiMvita kwenye upande wa hela.

Kwa malori ya umeme vocha kuu ya California ni HVIP. Tofauti yake na Moyer ni kwamba huombi wewe. Muuzaji aliyesajiliwa ndiye anayeomba, na punguzo linaonekana kwenye bei. Kiasi cha msingi kwa lori la daraja la 8, yaani yale mazito kabisa, kimekuwa dola 120,000. Hapo ndipo wauzaji wanapopata mdomo wa kusema "jimbo litalipa". Sasa hesabu: lori lenyewe linakaribia 400,000. Kodi ya serikali kuu ya malori mazito ni asilimia 12, na inapigwa kwenye bei, yaani karibu 48,000. Vocha ishaliwa sehemu hapo. Punguzo la kodi la serikali kuu, hadi 40,000, lilikoma kwa magari yaliyonunuliwa baada ya 30 Septemba 2025. Bado bima, ambayo inaangalia thamani ya gari.

Kisha chaji. Kama mume wako analaza lori barabarani au kwenye yadi ya kukodi, atachajia wapi? Wanaoendesha umeme kwa raha ni wale wenye yadi yenye nguzo za chaji, au kampuni inayowapa nafasi. Mizigo nayo: betri ni nzito, sheria ya nchi inakuongezea pauni 2,000 tu juu ya kikomo cha kawaida cha uzito, pauni 80,000.

Na shinikizo la sheria limelegea. Januari 2025 California iliondoa ombi lake kwa serikali kuu la kutekeleza kanuni iliyokuwa inayasukuma malori ya bandarini kwenda umeme, na Juni Kongresi na rais wakafuta vibali vingine vya jimbo kuhusu malori; mambo yako mahakamani. Wapo wanaoshangilia. Mimi naona kinyume: wakati ambao sheria haikulazimishi ndio wakati moshi wako una bei. Kama lori lenu ni la mume wako mwenyewe na lina maili za kutosha, mwende wilayani AQMD mkaulize Moyer kabla ya kumsikiliza muuzaji yeyote.

---

BintiMvita

Asanteni sana, hasa Mkongwe. Nimemuuliza hilo la hati. Kasema "sijaangalia". Leo jioni tunaisoma ile karatasi wote wawili kabla ya kalamu kugusa kitu.

---

MzeeWaKubisha

Bado nabisha, ila kwa sauti ya chini. KichwaNaTela, hujasema wewe ulilipwa kiasi gani.

---

KichwaNaTela

Haikufika nusu ya bei ya lori, Mzee. Iliyobaki namalizana na benki kila mwezi, na ripoti ya mwaka ninayo mezani inasubiri maili za Desemba.

---

DalaliWaSpea

Swali la mwisho kabla hamjalala: wanatoboa bloku na kukata fremu. Milango, boneti, taa na viti je?

---

FundiTrekta

Hapo uzungumze na mwenye yadi. Njoo inboksi.